Vitabu vya Mpanda Baiskeli

Kuna vitabu vya bahari, na vitabu vya vita, na vitabu vya mapenzi, na kila namna ina watu wake waipendao. Mimi napenda vitabu vya baiskeli. Nimevikusanya kidogo kidogo tangu nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, ambako nilikiokota cha kwanza chini ya rundo la magazeti makuukuu katika maktaba, na sasa vimejaa rafu moja na nusu nyumbani kwangu. Walimu wenzangu hunicheka. Husema kwamba baiskeli ni ya kupandwa, si ya kusomwa, na kwamba mtu akitaka kuijua, na ashike usukani. Neno hilo lina ukweli wake, lakini si ukweli mzima. Apandaye baiskeli huziona njia zake mwenyewe tu; asomaye huziona na njia za wengine, na jasho walilolimwaga, na sababu zilizowatoa majumbani mwao. Katika kurasa hizi nataka kukuarifu, msomaji kijana, ni vitabu gani katika rafu hiyo vinavyostahili saa zako, na ni vipi uvisome kwa hadhari.

Kile nilichokiokota chuoni kiliandikwa na H. G. Wells, Mwingereza, mwaka wa 1896, na jina lake ni The Wheels of Chance. Ni hadithi ya kubuni juu ya kijana aitwaye Hoopdriver, mwuzaji katika duka la nguo, ambaye kwa mwaka mzima hupewa likizo ya siku chache tu. Ana baiskeli kuukuu. Huanguka nayo, hujaa michubuko miguuni, na kisha hutoka kwenda kusini mwa Uingereza kama mfalme azuruye nchi yake. Wells mwenyewe alitiwa katika kazi ya duka la nguo alipokuwa kijana, akaichukia. Kwa hiyo ajua asemalo anapoeleza furaha ya mtu aliyesimama nyuma ya meza miezi na miezi, akiitikia kila mteja, siku ya kwanza awapo bwana wa njia. Hadithi yenyewe, hasa ile sehemu ya msichana aliyetoroka kwao, imechakaa kidogo. Lakini kurasa za mwanzo zingali mbichi, na mtu ye yote aliyejifunza baiskeli ukubwani atajiona humo.

Baada ya Wells nilimkuta Thomas Stevens, na hapo ndipo maradhi haya yaliponiingia kabisa. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka wa 1854, akahamia Marekani. Mwezi wa Aprili, 1884, aliondoka karibu na San Francisco juu ya baiskeli ya namna ya zamani, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, akaivuka Marekani yote hata akafika Boston mwezi wa Agosti. Mwaka uliofuata aliendelea na Ulaya, kisha Asia, na katika Desemba, 1886, akawasili Yokohama, Japani. Kabla yake hakuna aliyeuzunguka ulimwengu kwa baiskeli. Fikiri hali ya chombo chenyewe. Gurudumu la mbele lilikuwa na upana wa inchi 50 kutoka ukingo hata ukingo, karibu na kifua cha mtu mzima. Pedeli zilishikamana na gurudumu hilo hilo, bila mnyororo. Na matairi yalikuwa mpira mgumu usio na hewa, maana tairi la hewa la John Boyd Dunlop halikutokea hata mwaka wa 1888. Jiwe dogo njiani liliweza kumtupa mpandaji kichwa mbele. Mizigo yake ilikuwa soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema lake na tandiko lake.

Kitabu chake, Around the World on a Bicycle, kilitoka kwa juzuu mbili, mwaka wa 1887 na wa 1888. Nakisifu kwa uvumilivu wa mtu huyo na kwa macho yake yasiyopitwa na kitu. Lakini sikisifu chote. Stevens huwatazama Waturuki, na Waajemi, na Wahindi, na Wachina kutoka juu ya gurudumu lake, na urefu wa gurudumu lile huonekana katika maneno yake. Huwacheka watu waliompa chakula na mahali pa kulala. Mwaka wa 1889 alikuja hata Afrika Mashariki, safari hii bila baiskeli, ametumwa na gazeti la New York kumtafuta Stanley, naye akaiandikia safari hiyo kitabu kingine kilichotoka mwaka wa 1890. Msome kama umsikilizavyo mgeni mwenye macho makali na moyo usioiva: yaamini aliyoyaona, na uyapime aliyoyadhania.

Nilimwazima Stevens mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Baada ya juma moja alinirudishia, akasema kwa adabu lakini bila kuficha, "Mwalimu, mzee huyu alikuwa akitembea tu. Baba yangu hupanda baiskeli kila siku ya Mungu, na hapana mtu aliyemwandikia kitabu." Baba yake huchukua samaki kutoka ufuo wa ziwa huko Port Victoria na kuwapeleka Busia sokoni, juu ya baiskeli ile nzito nyeusi ambayo wengi huiita Black Mamba, yenye keria iliyoongezwa vyuma na fundi. Huondoka kabla ya jogoo, kwa sababu jua la saa nne halina huruma kwa samaki wala kwa mchukuzi.

Sisi tukaao karibu na mpaka huu hatuhitaji kuambiwa kwamba baiskeli ni kazi. Neno bodaboda lilizaliwa hapa, wakati vijana walipowavusha abiria na mizigo yao kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijawanyang'anya riziki na jina pia. Kwa hiyo neno la kijana yule lilinikaa. Nilivishusha vitabu vyangu vyote, nikajiuliza juu ya kila kimoja: je, hiki kingesomwa kwa sauti mbele ya mchukuzi wa samaki, amekaa kibarazani miguu inamwuma, naye akasikiliza hata mwisho? Vingi vilikwenda rafu ya chini. Kimoja kilipanda juu ya vyote.

Jina lake ni The Fastest Bicycle Rider in the World, na mwandishi wake ni Marshall Walter Taylor, aliyejulikana kwa jina la Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka wa 1878. Baba yake alikuwa mwendesha gari la farasi wa jamaa moja ya kizungu yenye mali, na jamaa hiyo ndiyo iliyompa mtoto huyo baiskeli yake ya kwanza. Alijifunza michezo ya ajabu juu yake, hata mwenye duka moja la baiskeli akamwajiri aicheze mbele ya duka ili kuwavuta wateja, amevaa sare ya askari. Ndipo watu wakamwita Meja, na jina likamganda. Alipofika umri wa miaka ishirini, mwaka wa 1899, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal, Kanada. Katika siku hizo mbio za baiskeli zilijaza viwanja vya Marekani, na washindi walilipwa fedha nyingi.

Lakini usidhani kwamba alishindana na miguu ya wenzake tu. Wapandaji weupe walifanya shauri kumzingira uwanjani asipate pa kupitia. Katika miji mingine alinyimwa chakula na kitanda. Mwaka wa 1897, huko Taunton katika jimbo la Massachusetts, mshindani mmoja aliyeshindwa naye alimvuta chini baada ya mbio, akamkaba koo hata akazimia. Juu ya hayo alikuwa Mkristo mwenye msimamo, aliyekataa kwa miaka mingi kushindana siku ya Jumapili, ijapokuwa Jumapili ndiyo iliyokuwa na fedha. Mwaka wa 1901 alikwenda Ufaransa, na Wafaransa wakakubali kubadili siku kwa ajili yake. Huko Paris alishindwa kwanza na bingwa wao, Edmond Jacquelin. Wakarudiana, naye akamshinda.

Aliacha mashindano mwaka wa 1910. Mali yake ikaisha katika biashara zisizofaulu na katika maradhi. Kitabu alikiandika mwenyewe, akakipigisha chapa kwa gharama yake mwaka wa 1928, kisha akakiuza kwa mikono yake, mlango hata mlango. Alikufa Chicago mwaka wa 1932 katika chumba cha hospitali cha watu wasio na kitu, akazikwa kaburi la maskini. Mwaka wa 1948 waliokuwa wapandaji wa mashindano, kwa fedha za mtengenezaji wa baiskeli Frank Schwinn, waliuhamisha mwili wake na kumweka mahali pa heshima zaidi, pamoja na kibao.

Sitakudanganya kwamba kitabu hicho ni chepesi. Taylor alibandika humo habari za magazeti nyingi mno, ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji huchoka. Nadhani najua kwa nini alifanya hivyo. Alijua kwamba neno la mtu mweusi peke yake lingetiwa shaka katika nchi yake, basi akawaita mashahidi, na wengi wao walikuwa waandishi weupe waliomwona kwa macho yao. Kila nionapo mahali pengine ndani yake panaponichosha, nakumbuka jambo hilo, nami huendelea.

Kijana wa Port Victoria alikaa nacho muhula mzima. Alipokirudisha hakukisifu wala kukilaumu, aliomba daftari. Ameanza kuandika humo safari ya baba yake: saa ya kuamka, uzito wa barafu na wa samaki, kilima ambapo hushuka na kusukuma, bei ya asubuhi na bei ya adhuhuri, na pancha katika mvua ya mwezi wa Aprili. Alipoileta mara ya mwisho ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Nilisahihisha tahajia tu; mengine sikuyagusa.

Cha pili katika rafu ya juu ni Land of Second Chances, kilichoandikwa na Tim Lewis mwaka wa 2013. Hueleza jinsi timu ya baiskeli ya Rwanda ilivyoundwa chini ya kocha Jonathan Boyer, ambaye katika mwaka wa 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Wengine miongoni mwa vijana waliochaguliwa walikuwa wakila jasho la baiskeli tangu zamani, kwa kuchukua abiria na mizigo katika vilima vile. Mkubwa katika habari hiyo ni Adrien Niyonshuti, ambaye ndugu zake waliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994, naye akashiriki mashindano ya Olimpiki ya London mwaka wa 2012 katika mbio za baiskeli za milimani. Lewis hapambi sana. Huonyesha fedha zilipotoka, ugomvi uliozuka, na vijana walioshindwa kuendelea. Ukimaliza kitabu hicho utaelewa vema zaidi kilichotokea Septemba, 2025, wakati mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Wakenya huniuliza habari za The Climb, cha mwaka wa 2014, ambamo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, asimulia maisha yake kwa msaada wa mwandishi David Walsh. Soma sura za mwanzo. Humo yumo David Kinjah wa Kikuyu, mpanda baiskeli aliyewafundisha vijana bila mali nyingi, na Froome mdogo akimfuata katika vilima vya huko. Sura za baadaye, zenye hesabu za nguvu na mipango ya timu, ni za wale waliokwisha kupatwa na homa ya mashindano.

Hapa yanipasa kutaja kitabu kimoja ambacho sikiondoi rafuni, wala sikiazimi peke yake. Lance Armstrong, Mmarekani, aliugua saratani mwaka wa 1996, akapona, akashinda Tour de France mwaka wa 1999, na mwaka wa 2000 akatoa kitabu kiitwacho It's Not About the Bike. Ni kitabu chenye nguvu. Wagonjwa wengi walikiweka kando ya kitanda, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nililala usiku wa manane. Alishinda mara saba, hata mwaka wa 2005. Kisha mwaka wa 2012 alinyang'anywa ushindi wote saba kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na Januari, 2013, akakiri mbele ya televisheni. Habari za ugonjwa wake ni za kweli. Habari za ushindi wake zilikuwa na shimo katikati. Nikimwazima mwanafunzi kitabu hicho, humpa pamoja nacho The Secret Race, kilichotoka mwaka wa 2012, cha Tyler Hamilton, aliyekuwa mwenzi wake katika timu, akishirikiana na Daniel Coyle. Humo yameelezwa yaliyokuwa yakifanyika hotelini usiku. Visome viwili hivyo kwa kufuatana, kisha utazame jinsi sentensi nzuri ilivyoweza kusimama mahali pa uongo bila kutetemeka. Sijui somo la kusoma lililo bora kuliko hilo kwa mtu wa umri wako.

Baada ya uzito huo mtu huhitaji kucheka. Jerome K. Jerome, katika Three Men on the Bummel cha mwaka wa 1900, ana mtu mmoja ajifanyaye fundi, aifunguaye baiskeli ya rafiki yake isiyo na kasoro ati aitazame tu, na gololi zikamwagika njiani. Kila kijiji kina mtu huyo. Wetu ana spana tatu na hakai mbali na shule. Dawa yake ni Richard's Bicycle Book cha Richard Ballantine, cha mwaka wa 1972, kifundishacho kufungua kila kitu na, jambo lililo gumu zaidi, kukirudisha. Baiskeli zimebadilika tangu wakati ule, lakini pancha ni ile ile. Tim Krabbé, Mholanzi, aliandika mwaka wa 1978 kitabu kidogo juu ya mbio moja tu katika milima ya Ufaransa, kilomita kwa kilomita. Kwa Kiingereza chaitwa The Rider, na wapenda mashindano hukiapia. Flann O'Brien, mwandishi wa Ireland, mwache hata umalize shule. Katika The Third Policeman, kilichochapwa mwaka wa 1967 baada ya kufa kwake, kuna askari aaminiye kwamba mtu apandaye baiskeli kupita kiasi hubadilishana chembe za mwili nayo, hata akawa nusu mtu nusu baiskeli, na hujulikana kwa kupenda kuegemea kuta. Tangu nikisome siwezi kumtazama mwuza maziwa wetu akipumzika dukani bila kuwaza mengi.

Nimewaweka wanawake mwisho kwa kuwa ndio ninaotaka uondoke nao. Katika sehemu zetu wavulana hupewa baiskeli na wasichana huambiwa si heshima, ijapokuwa kisima na shule viko mbali kwa wote. Frances Willard, mwongozi wa chama cha wanawake cha kupinga ulevi huko Marekani, alijifunza baiskeli akiwa na umri wa miaka 53, akaipa jina la Gladys, na mwaka wa 1895 akaandika A Wheel Within a Wheel. Ni kitabu cha saa mbili. Chapatikana bure katika intaneti, kama vile vya Wells, Stevens na Jerome.

Dervla Murphy wa Ireland alizaliwa mwaka wa 1931. Alipotimiza miaka kumi alipewa baiskeli iliyokwisha tumika na kitabu cha ramani, akaazimia kwenda Uhindi. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa asiyejiweza, naye akaacha shule ili amwuguze, na azimio lile likangoja miaka ishirini na zaidi. Mama alifariki mwaka wa 1962. Januari, 1963, katika baridi kali kupita kawaida, Dervla alianza safari akiwa peke yake, na mwezi wa Julai akaingia Delhi. Full Tilt, kilichotoka mwaka wa 1965, ndicho kitabu cha safari hiyo. Mbwa mwitu walimrukia katika theluji. Lakini pigo lililomvunja mbavu lilimpata akiwa ndani ya basi, Afghanistan, kwa kitako cha bunduki ya abiria. Na watu wa nchi hiyo hiyo aliwapenda kuliko wote. Yeye hakumtazama mtu kutoka juu, kama Stevens. Alikula walichokula na kulala walipolala, akakiri hivyo kwa shukrani.

Mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka sitini, alitoka Kenya kwa baiskeli akaenda hata Zimbabwe, akipita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Aliondoka kwa ajili ya kupumzika, lakini kila alipofika watu walimweleza habari moja, ndipo akakiita kitabu hicho The Ukimwi Road. Wazazi wenu ndio vijana wa siku zile. Ni kikali mahali pengine, hasa juu ya wageni waletao misaada, nami sikubaliani naye kila ukurasa. Lakini vijiji alivyovipita katika miaka ile ya mazishi mengi vimo humo pamoja na sauti zao. Alifariki mwaka wa 2022.

Nakala yangu ya The Ukimwi Road iko tayari kwa mtu aitakaye. Ile ya Full Tilt haipo. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliiazima, akampa dada yake, na dada akampa shangazi yao auzaye mboga Nambale, ambaye mwezi uliopita amenunua baiskeli. Kitabu kingali kwake, nami sijakidai.